Kukoma hedhi ni maumbile, lakini si maumbile peke yake

Nimelisikia tena, safari hii kutoka kwa daktari mwenzangu: "Kukoma hedhi ni maumbile, kila mwanamke atapitia tu." Ni maumbile, sawa. Ovari, zinazotoa mayai, huchoka; estrojeni, homoni ya kike, hushuka; hedhi hukata. Lakini hukata lini, mateso yanadumu kwa muda gani, na nani anatibiwa? Hayo hayaamuliwi na ovari peke yake.

Sigara huwahisha ukomo kwa mwaka mmoja hadi miwili. Ukomo kabla ya miaka 45 huongeza hatari ya kuvunjika mifupa na ya magonjwa ya moyo. Hayo yanajulikana, nayapita.

Kinachonikera ni tofauti za maisha kubandikwa jina la "asili". SWAN, utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu afya ya wanawake wa umri wa kati, ulioanza katikati ya miaka ya 1990, ulifuatilia wanawake zaidi ya 3,000. Kati ya waliosumbuliwa mara kwa mara na joto la ghafla au jasho la usiku, nusu waliendelea nayo kwa zaidi ya miaka 7.4; kwa wanawake weusi, nusu waliendelea kwa zaidi ya miaka 10.1. Basi watu wakahitimisha kuwa ni damu yao. Hawakuuliza nani aliruhusiwa kuingia kwenye utafiti. Ilibidi uwe na miaka 42 hadi 52, bado unaona hedhi, na kizazi chako kipo. Aliyekoma mapema au aliyetolewa kizazi aliachwa mlangoni, na Marekani wanawake weusi ndio hutolewa kizazi zaidi. Kwa kuwa hao hawakuhesabiwa, huenda pengo halisi kati ya wanawake weusi na wengine ni kubwa kuliko tunalolinukuu.

Hapa kuna shaka ambayo vitabu hulificha. Tukiingiza elimu, kipato na uzito kwenye hesabu, pengo haliondoki lote. Wengine husema hilo linathibitisha asili. Mimi siamini, kwa sababu kipato cha mwaka mmoja hakipimi miaka 40 ya dhiki. Ila kusema kila kilichobaki ni dhiki nako ni kuvuka ushahidi.

Kisu je, nacho ni maumbile? Wilayani Beed, India, mwaka 2019 ziliibuka taarifa za wanawake wakata miwa wengi waliotolewa kizazi wakiwa bado vijana, katika kazi ambayo kukosa siku moja ni kutozwa faini. Hata ovari zikiachwa, baada ya upasuaji huo huweza kuchoka mapema zaidi.

Na matibabu? England, ambako huduma ya afya ni ya umma, utafiti wa 2020 ulikuta homoni za kutibu dalili za ukomo zikiandikwa pungufu kwa asilimia 18 katika zahanati za maeneo maskini zaidi kuliko za maeneo tajiri zaidi, hata baada ya kuzingatia magonjwa ya moyo.

Basi, wenzangu, mgonjwa akikwambia hedhi ilikata akiwa na miaka 38, usimrudishe nyumbani na neno "kawaida". Mpime, muulize kama amewahi kufanyiwa upasuaji, na kama hakuna kizuizi, mpe homoni angalau hadi afike umri ambao wengi hukoma, miaka 50 hivi.