Gari linazima kwenye kipilefti, likifika gereji linawaka

Mzee mmoja anayebeba abiria kati ya Tanga na Muheza aliniletea gari lake baada ya kuhangaika nalo karibu miezi mitatu. Linazima ghafla barabarani, linakaa dakika moja au mbili, kisha linawaka kama vile halikuwa na kitu. Alikwishabadilishiwa pampu ya mafuta, koili na sensa ya kranki. Kila kifaa kipya kilipofungwa, gari lilitulia siku nne tano, akaamini limepona, kisha likamzimikia tena na abiria ndani. "Mwanangu, gari hili lina jini," aliniambia. Nikamwomba akae kwanza, anieleze huwa linazima wapi.

Hapo ndipo ninapoanzia kila ninapoletewa hitilafu ya umeme ya kuja na kuondoka. Mteja anataka kuona boneti limefunguliwa, nami nataka kusikia habari zake. Injini ilikuwa ya moto au ndiyo kwanza imewashwa? Mvua ilikuwa inanyesha? Ulikuwa kwenye tuta, kwenye kona, au umesimama kwenye foleni? Ulikuwa umewasha taa, feni, AC? Tatizo linalokuja na joto hunipeleka kwenye sensa na kwenye lehemu iliyopasuka ndani ya relei, yaani swichi inayofungwa na kufunguliwa kwa umeme. Linalokuja na mvua hunipeleka kwenye plagi za waya na mahali maji yanapopenya. Linalokuja na mtikisiko ni kiungo kilicholegea. Mzee alifikiri kidogo, akasema, "Zaidi ni nikizunguka kipilefti."

Nikamuuliza la pili: likizima, taa za dashibodi zinakuwaje? Hakuwahi kuangalia. Nikamwambia arudi kazini, na siku likizima, kabla hajagusa funguo, atazame dashibodi na kukariri taa zinazowaka. Hili la kutogusa funguo nalisisitiza sana. Watu wengi gari likizima wanazungusha swichi papo hapo, wanafungua boneti, wanatikisa tamino za betri. Wakishatikisa, kiungo kibovu kinagusana tena na ushahidi wote umepotea. Wengine wanachomoa betri ili "kuristi", na kwenye magari mengi wanafuta kodi, yaani namba za hitilafu, zilizokuwa zimehifadhiwa kwenye kontroli boksi, kompyuta inayoendesha injini.

Baada ya siku mbili alirudi na jibu zuri kuliko la mashine yoyote: taa ya oili iliwaka, ya betri iliwaka, ya cheki injini haikuwaka.

Ukifungua swichi bila kuwasha injini, taa hizo tatu zote zinatakiwa kuwaka. Ya oili huwaka kwa sababu hakuna presha, ya betri kwa sababu alteneta haizunguki. Lakini ya cheki injini, kwenye magari ya umri wa lile la mzee, huwashwa na kontroli boksi yenyewe. Kama swichi imefunguliwa, taa nyingine zinawaka na hiyo imekaa giza, basi kontroli boksi imekosa umeme. Ndiyo maana mafundi waliotangulia walichomeka skana wakakuta hakuna kodi hata moja. Boksi iliyokatiwa umeme haina nafasi ya kuandika kilichotokea. Pampu, koili na sensa vilikuwa vizima tangu mwanzo.

Sasa umeme unakatikia wapi? Kutoka swichi ya funguo kuna waya unaokwenda kuamsha relei kuu, na relei ndiyo inayopeleka umeme wa betri kwenye kontroli boksi. Ningeweza kupima njia hiyo kwa mita nikiwa gereji, nayo ingeniambia kila kitu ni kizima, kwa sababu gari lilikuwa limesimama. Tena mita ikiwekwa kwenye omu, yaani kupima ukinzani wa waya, hudanganya vibaya. Inapitisha umeme mdogo mno. Waya wenye nyuzi thelathini ukibakiwa na uzi mmoja, mita itakuonyesha karibu sifuri na utasema ni mzima. Mimi nauwekea waya mzigo, balbu ya breki ya wati 21, ambayo inavuta karibu ampea mbili, halafu napima volti. Waya mbovu hapo haujifichi. Na kebo ya ethi, ile inayotoka hasi ya betri kwenda kwenye injini, naipima fundi mwenzangu akipiga stata: mita ikiwa kati ya nguzo ya hasi na bloku ya injini, ikizidi volti 0.2 natafuta kutu. Huku kwetu pwani chumvi huingia chini ya mpira wa waya na kuiacha shaba ikiwa unga wa kijani, huku nje waya unang'aa.

Kwa hitilafu ya barabarani natumia taa. Nilichukua balbu tatu ndogo za wati 5, kila moja na fyuzi yake ya ampea 3, nikavuta nyaya ndefu hadi juu ya dashibodi na kuzibandika kwa tepu mahali ninapoziona vizuri. Ya kwanza niliiunga kwenye waya unapotoka swichi. Ya pili kwenye waya huohuo unapofika relei. Ya tatu kwenye waya unaotoka relei kwenda kontroli boksi. Mzee akashika usukani, mimi nikakaa pembeni yake macho kwenye balbu. Tulizunguka kipilefti mara moja, kimya. Mara mbili, kimya. Mzunguko wa tatu injini ikakata, na nikaona waziwazi: ya kwanza inawaka, ya pili na ya tatu zimezima. Relei nzima, swichi nzima. Ubovu uko kati ya swichi na relei.

Nililala kwenye sakafu ya gari, kichwa chini ya usukani. Kulikuwa na boksi la alamu lililofungwa na mmiliki wa zamani, limening'inia kwa tepu iliyokwisha gundi. Fundi aliyelifunga aliukata ule waya, akaupitisha kwenye relei ya alamu ili mwizi asiweze kuwasha gari, kisha akausokota kwa vidole na kuuzungushia tepu. Ukizunguka kipilefti unakata kulia muda wote, bodi inalalia kushoto, na boksi linabembea kushoto likiuvuta waya. Nilifungua swichi, nikaweka ncha za mita pande mbili za kile kiungo huku balbu zikivuta umeme: volti 0.1. Nikalisukuma boksi kwa kidole kimoja, mita ikaruka hadi 12.

Nilipobandua tepu, nyuzi mbili tu ndizo zilizokuwa zinagusana, zimebadilika rangi.

Mzee aliamua alamu iondoke kabisa. Nilikata sehemu iliyooza hadi nikapata shaba inayong'aa, nikaweka kipande cha waya wa unene uleule, nikalehemu, nikavisha mpira wa kubana kwa joto na kuufunga waya pamoja na wenzake usicheze. Balbu zangu tatu niliziacha palepale juu ya dashibodi. Tukarudi kwenye kipilefti, tukazunguka mara kumi, kisha nikamwomba twende Muheza na kurudi. Njia nzima hazikupepesa.