DAC na amplifaya ya hedifoni: kipi hasa kinagusa sauti

Kama simu yako imewahi kutoa sauti, basi tayari una DAC, yaani kigeuzi cha dijitali kwenda analogi. Kimo pia ndani ya kompyuta, king'amuzi, redio ya gari inayosoma flashi, hata ndani ya hedifoni zisizo na waya. Kwa hiyo anayeuliza "ninunue DAC au nisinunue?" ameanzia katikati ya safari. Cha kujua kwanza ni kama hiyo uliyo nayo inaharibu kitu, na kama kinachoharibika ni kazi ya DAC au ya amplifaya, yaani kikuza sauti, iliyokaa jirani yake. Vifaa hivi viwili mara nyingi huuzwa ndani ya kasha moja, ndiyo maana watu huvichanganya, lakini kila kimoja kina kazi yake na kila kimoja hukosea kwa namna yake.

Tuanze na DAC. Muziki uliohifadhiwa kwenye simu ni namba tupu. Kwa kiwango cha CD, ambacho Sony na Philips walikiingiza sokoni mwaka 1982, wimbi la sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde kwa upande wa kushoto na vivyo hivyo kulia, na kila kipimo huandikwa kwa biti 16, maana yake huangukia kwenye kimojawapo cha viwango 65,536. Hedifoni haisomi namba. Inachokijua ni volti zinazopanda na kushuka, zikisukuma na kuvuta kiwambo chembamba kilicho mbele ya sikio. DAC husoma zile namba na kutoa hizo volti. Imemaliza.

Hapa ndipo lilipo kosa lililouza vifaa vingi kuliko tangazo lolote: ule mchoro wa wimbi lenye ngazi ngazi, eti ndivyo CD inavyosikika, ukiwekwa kando ya wimbi laini la kifaa cha bei kubwa. Wimbi linalotoka kwenye DAC halina ngazi. Namba zikishageuzwa hupita kwenye kichujio kinachoondoa kila kilichozidi masafa ya muziki (masafa ni idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupimwa kwa hezi), na kinachobaki ni mstari laini. Mwanahisabati Claude Shannon, akijenga juu ya kazi ya mhandisi Harry Nyquist, alieleza kanuni hii mwaka 1949: ukipima wimbi kwa kasi inayozidi mara mbili ya masafa yake ya juu kabisa, unaweza kulirudisha lote, pamoja na kilichokuwa katikati ya kipimo kimoja na kingine. Sikio la kijana mwenye afya huishia karibu na hezi 20,000, na kwa watu wazima kikomo hicho hushuka mwaka hadi mwaka. Vipimo 44,100 vinatosha, na kidogo kinabaki.

Hicho kidogo kinachobaki ndicho kilichowatoa jasho wahandisi. Kichujio kilitakiwa kipitishe kila kitu hadi hezi 20,000 na kuziba kila kitu kuanzia 22,050, nusu ya 44,100, na kujenga kichujio kikali hivyo kwa saketi za kawaida ni kazi ngumu. Philips walikuwa na tatizo la pili: chipu waliyokuwa nayo ilikuwa ya biti 14 tu. Katika mashine yao ya kwanza, CD100, waliiendesha chipu hiyo kwa kasi mara nne, vipimo 176,400 kwa sekunde, na kuyasukuma makosa yake juu kwenye masafa ambayo sikio halifiki. Wakapata ubora wa biti 16 kutoka kwenye chipu ya biti 14, na kichujio kikawa rahisi kujenga. Wazo hilo, likiwa limeendelezwa sana, ndilo linaloendesha chipu nyingi za DAC zinazotengenezwa leo, na ni sababu mojawapo ya kigeuzi kizuri kuwa kitu cha bei rahisi.

Basi DAC mbaya hukosea wapi? Inaweza kuongeza kelele yake yenyewe, ule mvumo wa "shhh" unaosikika muziki ukinyamaza. Inaweza kupotosha wimbi, ikaongeza sauti ambazo hazikuwamo kwenye rekodi. Au saa yake ya ndani inaweza kuyumba, vipimo visitoke kwa nafasi sawa. Yote yanapimika, na katika vifaa vya kisasa vilivyobuniwa kwa uangalifu yote yako chini mno. Biti 16 zinaacha pengo la takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na kelele. Chipu bora za leo zinavuka 120. Chumba kimya usiku kina kama desibeli 30 za kelele zake. Kwa hesabu ya haraka, ili kelele ya biti 16 ichomoze juu ya ukimya wa chumba hicho, vilele vya muziki vingelazimika kufika desibeli 126 hivi. Huo si muziki tena, ni maumivu.

Mwaka 2007 Brad Meyer na David Moran walichapisha, katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti (Audio Engineering Society), jaribio ambalo mashabiki wa mafaili makubwa hawalipendi hadi leo. Walichukua rekodi za ubora wa juu kuliko CD, wakawa wanaziacha zipite zilivyo au wanazipunguza hadi kiwango cha CD, bila msikilizaji kujua lini. Katika majaribio 554, majibu sahihi yalikuwa 276. Ungerusha sarafu ungepata vivyo hivyo.

Ndiyo maana siogopi kusema kwamba ile adapta ndogo ya Apple ya dola 9, ya USB-C kwenda tundu la milimita 3.5, ina DAC safi kuliko masikio yetu yanavyodai. Ndani ya kile kiwaya kifupi mna kigeuzi na amplifaya, vyote viwili. Inapokwama, haikwami kwenye ugeuzi. Hukwama kwenye nguvu, na nguvu ni kazi ya amplifaya.

Volti zinazotoka kwenye DAC zina taarifa zote za muziki lakini hazina misuli. Amplifaya inachukua wimbi lile lile na kulipa volti na mkondo wa kutosha kusogeza kiwambo. Mahitaji yake hutegemea mambo mawili yanayoandikwa kwenye kasha la hedifoni, nayo ni ukinzani, unaopimwa kwa omu, na usikivu, yaani ukubwa wa sauti inayotoka kwa umeme ule ule, unaopimwa kwa desibeli. Wauzaji wengi hutaja omu peke yake, na hapo mnunuzi hupotea, kwa sababu hedifoni ya omu chache yenye usikivu mdogo inaweza kuwa mzigo mzito kuliko ya omu nyingi.

Chukua Sennheiser HD 600, hedifoni inayojulikana sana na watu wa studio. Ina omu 300, na kwa volti 1 inatoa desibeli 97. Adapta ile ya Apple ina takriban volti 1, na toleo linalouzwa Ulaya lina kama nusu yake. Kwa hiyo vilele vitafika 97, au 91 kwa lile la Ulaya. Wimbo wa kisasa wa Bongo Fleva, uliobanwa hadi kila sekunde ina sauti kubwa, utasikika vizuri tu. Lakini weka rekodi ya okestra ambayo wastani wake uko desibeli 20 chini ya kilele, na utajikuta umesukuma sauti hadi mwisho huku bado ukitamani kidogo. Amplifaya ya volti 2 inakuongezea desibeli 6, ya volti 4 inakuongezea 12. Shida imekwisha, na nguvu yenyewe si kubwa: kwa volti 1, HD 600 inatumia miliwati 3.3 tu.

Amplifaya dhaifu ikilazimishwa, haipunguzi sauti kwa upole. Inakata vilele vya wimbi, na sikio linasikia mkwaruzo, hasa ngoma na besi zinapogonga. Wengi wakisema hedifoni "haina besi" kwenye simu, mara nyingine wanachosikia ni huku kukatwa, na mara nyingine ni sauti ndogo tu, maana sikio la binadamu hupoteza besi upesi kuliko sauti ya kati kila kiwango kinaposhuka.

Kuna jambo jingine la amplifaya ambalo hubadilisha sauti kwelikweli, tena kwa kiasi ambacho hata asiye mtaalamu atakisikia, nalo ni ukinzani wa amplifaya yenyewe kwenye tundu lake la kutolea. Nashangaa linatajwa mara chache hivyo. Hedifoni nyingi hazina ukinzani mmoja. Hubadilika kulingana na masafa. Hedifoni za ndani ya sikio zenye spika ndogo kadhaa ndizo zinazoyumba zaidi. Tuseme yako ina omu 10 kwenye sauti za juu na omu 40 kwenye besi. Ukiichomeka kwenye amplifaya yenye omu 1, tofauti inayojitokeza kati ya masafa hayo mawili ni kama desibeli 0.6, ndogo sana. Ukiichomeka kwenye yenye omu 10, tofauti inafika desibeli 4. Besi imevimba, sauti za juu zimefifia, na mwenye nayo atasema amplifaya hii "ina joto". Haina joto lolote, imebadilisha tu mgao wa volti. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba ukinzani wa amplifaya usizidi sehemu moja ya nane ya ule wa hedifoni. Baadhi ya amplifaya za zilipendwa, na nyingine za taa (mirija ya kioo badala ya transista) zinazouzwa hadi sasa, zina makumi ya omu, na sehemu ya sifa yao ya utamu inatoka hapo. Kama unaipenda sauti hiyo, hakuna kosa, ila ujue ikwalaiza ya bure kwenye simu ingekufikisha karibu na hapo hapo.

Kwa nini basi watu wazima, wenye akili zao, huapa kwamba DAC mpya imefungua pazia? Mara nyingi jibu ni kiwango cha sauti. Vifaa viwili havitoi volti sawa kwenye alama ile ile ya kitufe, na cha sauti kubwa zaidi, hata kwa desibeli 1, huonekana kuwa bora: besi imenenepa, ala zimetengana. Hakuna anayesema "hiki kina sauti kubwa". Ndiyo maana wanaolinganisha kwa dhati husawazisha volti kwa kipimo, ndani ya desibeli 0.1, kisha humpa mtu mwingine abadilishe vifaa bila kuwaambia. Tofauti nyingi za DAC hufa kwenye meza hiyo.

Lakini zipo nyakati ambapo kifaa cha nje kinaokoa sauti bila ubishi. Kompyuta ni mfano ulio wazi. Ndani yake mna umeme mwingi unaowaka na kuzima kwa kasi, na tundu la hedifoni lililojengwa ovyo huokota vurugu hizo, ukasikia mlio mwembamba ukisogeza kipanya au mnguruko mchezo unapofunguka. Kuupima ni rahisi: chomeka hedifoni, usicheze kitu, pandisha sauti, sikiliza. Ukisikia mdudu yeyote, DAC ndogo ya USB iliyo nje ya kasha la kompyuta kwa kawaida humwondoa. Ukisikia kimya kitupu, fedha zako zinunulie hedifoni bora, kwa sababu hedifoni mbili hutofautiana kwa desibeli kadhaa sehemu nyingi za masafa, umbali ambao DAC mbili nzuri haziukaribii.

Kigeuzi hakitakarabati rekodi pia. Taarab ya zamani iliyotoka kwenye tepu ina "shhh" yake ndani, na DAC nzuri itakupa hiyo "shhh" kwa uaminifu. Wimbo uliopakuliwa kutoka YouTube ukageuzwa MP3, ukatumwa, ukageuzwa tena, umeshapoteza kilichopotea. Na kama hedifoni zako ni za Bluetooth, DAC ya mezani haishiriki kabisa: simu inatuma namba hewani, na kigeuzi pamoja na amplifaya vinavyofanya kazi ni vile vilivyomo kwenye hedifoni zenyewe.

Ukishanunua amplifaya yenye nguvu, anzia sifuri kila unapochomeka, hasa hedifoni nyepesi za ndani ya sikio, na ikiwa na swichi ya kupunguza nguvu, iweke chini. Shirika la Afya Duniani linaweka kikomo cha desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hukata muda huo nusu, hata ukifika 90 umebakiwa na saa 4 za wiki nzima.