Je, wajua kwa nini Porsche iliyotembea sana inaweza kuwa nzima kuliko iliyokaa tu?

Chukua magari mawili yanayouzwa, yote Porsche 911 za mwaka 2002, injini ileile, rangi ileile. La kwanza limetembea kilomita 30,000 tangu litoke kiwandani. La pili limetembea 140,000. Karibu kila mnunuzi atalikimbilia la kwanza, na kwa kuwa muuzaji analijua hilo, bei yake itakuwa juu sana. Hesabu inaonekana haina ubishi: kilichotumika kidogo kimechakaa kidogo.

Hesabu hiyo ina kasoro, na kasoro yenyewe inafaa kueleweka vizuri kwa sababu ndiyo inayowagharimu watu pesa nyingi zaidi katika biashara ya magari ya kifahari ya michezo yaliyotumika. Gari huchakaa kwa njia mbili. Njia moja ni msuguano: chuma kinapita juu ya chuma, klachi inakwisha, shokamzoba zinalegea. Huo odometa, yaani kihesabu kilomita cha kwenye dashibodi, inaupima, tena vizuri kiasi. Njia ya pili ni umri: mpira unakauka, vimiminika vinanyonya unyevu, oili inageuka asidi. Huo odometa haiuoni kabisa.

Kwa gari la kawaida tofauti hiyo haisumbui. Toyota ya miaka saba iliyonunuliwa mnadani Japani imekuwa ikienda kazini na sokoni karibu kila siku, kwa hiyo umri na kilomita vimekua pamoja. Ukijua kimoja unakisia kingine, na kilomita zinakuwa kipimo cha haki cha hali ya gari. Mazoea hayo ndiyo tunayoyabeba hadi kwenye gari la michezo, na huko ndiko yanakoharibikia. Gari la michezo mara nyingi ni la pili au la tatu nyumbani. Linatoka Jumapili kukiwa na jua, linarudi, linafunikwa turubai. Kilomita 30,000 kwa zaidi ya miaka 20 ni chini ya kilomita 1,500 kwa mwaka, yaani safari tatu hivi za Nairobi hadi Mombasa, za kwenda tu. Umri umekwenda mbio na kilomita zimebaki nyuma, na bado tunaisoma namba moja kana kwamba inatueleza yote mawili.

Ushahidi ulio rahisi kuuona ni matairi. Ubavuni mwa tairi, mwishoni mwa mstari unaoanza na herufi DOT, kuna tarakimu nne: 2314 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi la gari lisilotembea halijawa kipara, na hilo ndilo humdanganya mnunuzi, kwa sababu meno yapo lakini mpira umekuwa mgumu na haushiki lami tena. Ajali ya Novemba 2013 huko California, iliyomuua mwigizaji Paul Walker na mwenzake aliyekuwa akiendesha, ilitokea ndani ya Porsche Carrera GT. Wachunguzi walitaja kwanza mwendo kasi, kisha wakataja matairi yaliyokuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa.

Mafuta ya breki nayo hunyonya maji kutoka hewani. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishaingiwa na maji kiasi cha asilimia 3.7, kiwango kinachokubalika hushuka hadi 155. Ndiyo maana Porsche huagiza yabadilishwe kila baada ya miaka miwili, gari liwe limetembea au halikutembea. Ferrari F355 ina mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu za injini, unaotakiwa kubadilishwa kila baada ya miaka michache hata kama gari halikuondoka bandani, na kazi hiyo inadai injini nzima itolewe. F430 iliyotoka mwaka 2004 ndiyo iliyoacha mikanda na kutumia cheni. Halafu kuna F40, gari ambalo wakusanyaji huligombea likiwa na kilomita chache kadiri inavyowezekana. Matangi yake ya petroli ni mifuko ya mpira kama ya magari ya mashindano, na mifuko hiyo huhesabiwa kuwa imekwisha baada ya takriban miaka kumi.

Lakini jambo la ajabu kuliko yote linatokea ndani ya injini yenyewe, kwenye oili. Kila lita ya petroli inayoungua huzaa karibu lita moja ya maji. Haidrojeni iliyomo ndani ya petroli inaungana na oksijeni ya hewani, na matokeo yake ni mvuke. Sehemu kubwa ya mvuke huo hutoka kupitia ekzosi, na ndiyo yale matone unayoyaona asubuhi gari linapowashwa. Sehemu ndogo hupenya pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kulikokaa oili.

Yanayotokea huko chini mpishi yeyote wa wali anayajua. Mvuke hupanda, hugusa mfuniko ambao ni baridi kuliko sufuria, kisha hurudi chini ukiwa matone. Ukiacha moto wa kutosha na upenyo kidogo kwenye mfuniko, maji yanakwisha na wali unakauka vizuri. Ukiepua mapema, maji yote yanabaki humo humo. Katika injini, mfuniko ni zile kuta za chuma ambazo bado ni baridi. Upenyo ni ule mpira unaovuta hewa chafu kutoka kwenye injini na kuirudisha ikaunguzwe. Moto wa kutosha ni safari ndefu, na hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hutazama geji ya maji ya rejeta na kudhani injini imekwisha kupata joto. Injini ya 911 hii hubeba zaidi ya lita nane za oili, nayo huchelewa sana kupata joto kuliko maji. Geji inaweza kuwa imesimama katikati huku oili ikiwa bado vuguvugu, na maji yaliyomo ndani yake hayajaanza hata kuondoka.

Fuata sasa maisha ya lile gari la kilomita 30,000. Linawashwa, linakwenda mgahawani dakika kumi, linazimwa. Maji yamezaliwa na hayakukauka. Yanachanganyika na mabaki ya petroli na masizi, oili inaanza kuwa na asidi, na gari linakaa hivyo wiki sita. Fungua kifuniko cha kujazia oili utazame upande wa ndani: mara nyingi utakuta utando wa kuteleza wenye rangi ya maziwa. Utando huo peke yake si hukumu. Kwenye nchi za baridi huonekana hata kwenye injini nzima, na pengine chanzo ni maji ya rejeta kuvujia ndani, jambo ambalo ni zito zaidi. Unachokwambia kwa uhakika ni kwamba maji yapo mahali ambapo hayatakiwi kuwapo, na kwamba inafaa kuuliza yametoka wapi.

Kwa sababu hiyohiyo, ile desturi ya mtu aliyeko Ulaya au Ghuba kumwagiza ndugu yake nyumbani awashe gari kila Jumamosi kwa dakika tano ili “lisilale” hulidhuru gari. Kila Jumamosi linatengenezewa maji mapya na halipewi nafasi ya kuyakausha, na betri inatoa umeme mwingi wa kuwashia kabla haijarudishiwa. Mwambie alitoe barabarani nusu saa, mwendo wa kawaida, au alichomoe betri na kuliacha.

Kwenye 911 za kipindi hiki suala hili lina uzito wa pekee kwa sababu ya beringi moja. Modeli ya 996 ndiyo 911 ya kwanza kuwa na injini inayopozwa kwa maji, na ndani ya injini hiyo kuna shafti ya kati, maarufu kwa herufi IMS, ambayo huendesha cheni za kufungulia na kufungia valvu. Mwisho mmoja wa shafti hiyo umekaa juu ya beringi iliyozibwa ikiwa na grisi ndani yake. Miaka inavyokwenda, oili hupenya ile sili, huiosha grisi na kujikalia humo bila kubadilishwa. Beringi ikivunjika, mpangilio wa valvu na pistoni unavurugika na mara nyingi injini nzima inakufa. Kesi iliyofunguliwa Marekani kwa niaba ya wenye magari wengi iliishia kwa maelewano mwaka 2013, ikihusu Boxster na 911 za modeli za 2001 hadi 2005. Zile za Turbo na GT3 za wakati huo zina injini ya aina nyingine isiyo na beringi hiyo, na kuanzia modeli ya 2009 shafti yenyewe iliondolewa kwenye 911 za kawaida.

Mafundi wengi wa Porsche husema beringi hiyo hufa zaidi kwenye magari yanayokaa kuliko yanayotembea. Maelezo yao yanaingia akilini: oili yenye asidi inakaa palepale miezi, mahali palepale pa beringi. Hata hivyo dai hili lipokewe kwa tahadhari. Gari lililofika kilomita 200,000 ni lile ambalo beringi yake haikuvunjika njiani, kwa hiyo lazima lionekane imara, kwani yaliyokufa mapema hayapo tena kwenye hesabu. Isitoshe, mtu anayeendesha sana ndiye pia anayebadilisha oili mara nyingi, na ni vigumu kutenganisha faida ya kutembea na faida ya oili mpya. Kisa cha maji kwenye oili ni kemia isiyo na shaka. Kisa cha beringi kinaelekea upande uleule, lakini hakijathibitishwa kwa kiwango hicho.

Mnunuzi atazame nini, basi? Namba moja nzuri sana imefichwa ndani ya kompyuta ya injini. Kompyuta ya 911 hizi huhesabu saa ambazo injini imefanya kazi, na fundi mwenye mashine ya kuisoma huzipata kwa dakika chache. Gawanya kilomita kwa saa hizo. Kilomita 140,000 kwa saa 2,000 ni wastani wa kilomita 70 kwa saa: hilo limeishi barabara kuu, injini ikiwa moto. Kilomita 30,000 kwa saa 1,500 ni wastani wa kilomita 20 kwa saa, na hapo kuna mawili tu ya kuwaza. Ama gari limeishi kwenye foleni na safari fupi, ama kuna mtu amerudisha odometa nyuma. Yote mawili ni habari ambayo dashibodi haikukupa. Kompyuta hiyohiyo hutunza pia idadi ya mara ambazo injini ilizungushwa kupita kikomo chake, pamoja na saa ya kazi ya injini ilipotokea mara ya mwisho. Hapo ndipo anapoonekana yule dereva aliyetaka kuingiza gia ya nne akaangukia ya pili. Kama kompyuta imewahi kubadilishwa, hesabu inaanza upya, kwa hiyo ulizia hilo kwanza.

Kwa magari ya Uingereza, ambayo usukani wake uko kulia kama wa kwetu, kazi ni nyepesi zaidi. Kila gari lililofikisha miaka mitatu hukaguliwa kila mwaka, kilomita zake huandikwa, na yeyote mwenye namba ya gari husoma kumbukumbu hizo bure kwenye mtandao wa serikali. Ukiona maili 300 kati ya ukaguzi mmoja na mwingine, miaka mitano mfululizo, umekwisha kujua gari hilo liliishi vipi. Kenya kwa kawaida hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane tangu kusajiliwa mara ya kwanza, lakini mpaka huo haubadilishi hesabu: gari la miaka minane lenye kilomita 10,000 limekaa kama lile la 2002 lilivyokaa.

Lile la kilomita 140,000 si la kupokelewa bila maswali. Shokamzoba, bushi, pampu ya maji na koili za plagi zimefikia umri wa kubadilishwa, na klachi nayo huwa imeshabadilishwa, pengine zaidi ya mara moja. Lakini vitu hivyo vinajulikana, vina bei, na mara nyingi stakabadhi zake zipo. Klachi yenyewe ina siri nzuri: ili kuifikia lazima giaboksi ishushwe, na giaboksi ikishashushwa ndipo ile beringi ya shafti ya kati inapofikika. Mwenye gari makini hubadilisha vyote kwa kazi moja. Lile la 30,000 halijawahi kuhitaji klachi, kwa hiyo yawezekana kabisa beringi yake ni ileile ya kiwandani ya mwaka 2002.

Likija na stakabadhi za oili za kila mwaka, matairi ya karibuni, mafuta ya breki ya kila miaka miwili na saa za injini zinazolingana na kilomita zake, hilo ni gari adimu na bei yake ni halali. Likija na kilomita tu, mwambie muuzaji utatoa kwenye bei gharama ya matairi manne, vimiminika vyote, mipira ya maji, na kazi ya kushusha giaboksi hadi kwenye beringi. Kiasi kitakachobaki ndicho cha kulinganisha na bei ya lile la 140,000.