Kabla hujaflashi upya Raspberry Pi ya sebuleni, angalia kwanza umeme unaoingia

Kazi yangu hapa Tanga ni kuzigeuza Raspberry Pi, zile kompyuta ndogo za ubao mmoja, ziwe vidude vya kuchezea muvi na miziki sebuleni, na siku hizi natengeneza zaidi zile ambazo watu wamezigeuza wenyewe halafu zikaanza visa. Karibu kila anayeniletea anakuja na hukumu tayari, Kodi mbovu, apdeti imeharibu, kadi ya memori imekufa, na wengi wanakuwa wameshaflashi upya, yaani wameuandika mfumo upya kwenye kadi na kufuta vilivyokuwepo, kabla hawajafika kwangu, laibrari yote ya muvi imekwenda, na tatizo liko pale pale. Mimi sigusi programu mpaka nimalizane na umeme, na nataka nieleze vizuri kwa nini, maana inaniuma kuona mtu anatupa kazi ya miezi kwa sababu ya waya wa chaja.

Kwa ambaye ndo anaanza, Kodi ni ile programu ya kuchezea muvi na miziki iliyokuwa ikiitwa XBMC, ilianzia kwenye Xbox, jina likabadilishwa 2014. LibreELEC ni mfumo mdogo uliotokana na OpenELEC mwaka 2016, na kazi yake ni moja tu, kuiwasha Kodi na kuiacha ifanye mambo yake. Ndo mfumo ninaouweka kwa watu wengi, na mifano yote humu naichukua huko.

Sasa umeme. Pi 4 inataka adapta ya volti 5.1 yenye uwezo wa kutoa ampia 3, Pi 3 inataka volti hizo hizo na ampia 2.5. Ikishuka chini ya volti 4.63 Pi yenyewe inajua, inaweka kialama cha radi cha njano kwenye kona ya juu kulia na inapunguza spidi ili isizime, na wewe unachokiona ni muvi inakwamakwama, sauti inapotea, menyu nzito, diski linajitoa lenyewe, wayafai inakatika, yaani vitu vyote ambavyo mtu mwenye akili timamu atasema ni programu. Kwenye baadhi ya matoleo mapya kile kialama hakitokei kabisa kwa hiyo usitegemee macho. Na kuna watu wanaandika `avoid_warnings=1` kwenye faili la config.txt ili radi isiwasumbue, alama inaondoka lakini umeme ni ule ule mdogo, hilo nakuomba usilifanye.

Mtu atakwambia, fundi mbona chaja yangu ni kubwa, wati 18, inajaza simu kwa muda mfupi tu. Ni kweli, lakini soma maandishi madogo kwenye chaja yenyewe. Zile wati 18 mara nyingi ni volti 9 kwa ampia 2, na chaja haitoi volti 9 mpaka simu iombe, wanaongea wenyewe kwa lugha yao. Pi haiombi, inapewa volti 5, na kwenye mstari wa volti 5 unaweza kukuta chaja hiyo hiyo imeandikwa ampia 2. Ndo hapo.

Na hata chaja ikiwa nzuri, kuna waya. Hapa ndo wengi wanapopotea kwa sababu waya ukiuangalia kwa nje huoni kitu. Waya mwembamba mrefu wa kununua mtaani ukiwa na ukinzani wa omu 0.15 tu kwenda na kurudi, ampia 3 zikipita zinaacha volti 0.45 njiani. Adapta inatoa 5.1, Pi inapokea 4.65, imebaki kidogo sana kufika ile 4.63. Chaja inayotoa 5.0 kamili kwa waya huo huo inakuacha na 4.55 na hapo umeshazama. Ni kama maji ya bomba kwa nyumba ya mwisho mtaani, mwanzoni presha ipo, kila mmoja akifungua bomba lake wewe wa mwisho unabaki na tone. Kwa hiyo Pi inaweza kukaa kwenye menyu kutwa nzima bila shida, haitumii umeme mwingi, halafu ukifungua muvi au ukichomeka diski ndo inaanguka.

Kuna mwalimu mstaafu wa Makorora alikuja na Pi 4 yake kwenye mfuko, nikamwamkia, akakaa, akasema, "Mwanangu, hiki kinawaka vizuri kabisa, nikichomeka lile diski la muvi tu kinazima kinaanza upya. Nimeshabadilisha kadi, nimeweka mfumo upya, hamna kitu." Nikamuuliza, mwalimu umekuja na chaja? Akaitoa, chaja ya simu, na waya mweupe mrefu kiasi cha kutoka soketini mpaka nyuma ya TV. Nikachomeka kila kitu kama kilivyokaa kwake, nikaingia kwa SSH, yaani kuiandikia Pi amri kupitia mtandao, kutoka kwenye simu, nikaandika:

`vcgencmd get_throttled`

Ikajibu `0x50005`. Hiyo namba isome hivi. 5 ya mwisho inaongelea sasa hivi: umeme uko chini na spidi imepunguzwa. 5 ya mbele inaongelea yaliyotokea tangu ilipowashwa, mambo hayo hayo mawili. Ukikuta `0x50000` maana yake sasa hivi pametulia ila huko nyuma ilishaanguka, na hiyo ndo utaikuta mara nyingi maana unapoiangalia unakuwa kwenye menyu na muvi umeshaifunga. Ukikuta `0x0` umeme wako mzuri, nenda katafute tatizo kwingine. Amri hiyo uipe wakati muvi inacheza na diski linazunguka, ukiipa kidude kimelala haitakusaidia sana.

Diski la mwalimu nalo lilikuwa na mchango wake, zile eksitenal ndogo zisizo na umeme wake zinavuta sana pale linapoanza kuzunguka, na milango yote minne ya USB ya Pi 4 kwa pamoja inagawana ampia 1.2 tu. Nikampa adapta ya 5.1 yenye waya wake mfupi mnene uliounganishwa moja kwa moja, diski nikalihamishia kwenye habu yenye umeme wake, muvi ikacheza tangu asubuhi mpaka adhuhuri imepita, kila nikiuliza inajibu `0x0`. Kadi yake ya zamani aliyoitoa akidhani imekufa nikairudisha, na laibrari yake yote ikawepo. Mwalimu alifurahi na mimi nilifurahi zaidi.

Umeme ukiwa safi ndo naingia kwenye kadi, na hapa kwetu kadi inateswa na umeme kukatika ghafla. Pi haina betri, ukikatika katikati ya kuandika, kinachoandikwa kinabaki nusu. Kwenye LibreELEC mfumo wenyewe unasomwa tu hauandikwi ovyo, kinachoumia sanasana ni yale mafaili ya Kodi, database na setingi. Dalili yake unaona nembo ya LibreELEC inatokea, Kodi inajaribu kufunguka, inarudi, inajaribu tena. Usiflashi. Ingia kwa SSH (iwe uliiwasha mapema kwenye setingi za LibreELEC, sehemu ya huduma) halafu:

`systemctl stop kodi`
`mv /storage/.kodi /storage/.kodi-zamani`
`systemctl start kodi`

Kodi ikifunguka mpya safi, ujue kadi na mfumo viko sawa, shida ilikuwa ndani ya lile folda, na folda bado unalo, unaweza kurudisha vipande vyake taratibu. Ikikataa hata hivyo ndo uanze kuishuku kadi. Kadi feki ziko nyingi, imeandikwa GB 128 ndani kuna robo yake, inakubali kuandikiwa tu halafu inapoteza, ipime kwa H2testw ukiwa na Windows au F3 ukiwa na Linux kabla hujaiamini. Angalia pia kama nafasi haijajaa, mapicha ya muvi kwenye folda la Thumbnails yanakua kimyakimya na `/storage` ikijaa Kodi inagoma. Ukiwa na laibrari kubwa tengeneza bakapu kutoka kwenye setingi za LibreELEC, inakaa kwenye `/storage/backup`, ihamishie kwenye flashi, isibaki kwenye kadi ile ile.

Skrini nyeusi kabisa? Angalia taa ya kijani. Ikipepesa mara nne inapumzika inarudia, haioni faili la kuanzia la start.elf, mara saba haioni kernel, kile kiini cha mfumo, hayo ni mambo ya kadi. Taa ikipepesa ovyoovyo kama kawaida basi Pi inafanya kazi, TV ndo haioni. Kwenye Pi 4 hakikisha umechomeka HDMI ile iliyo karibu na tundu la umeme, halafu washa TV kwanza, Pi baadaye, maana Pi inapowaka inaiuliza TV inakubali picha ya aina gani na TV iliyozimwa haijibu.

Muvi moja inakwama na nyingine zinacheza vizuri, hapo hakuna kilichoharibika. Chomeka kibodi, muvi ikiwa inacheza bonyeza herufi O, Kodi itakuonyesha inaifungua kwa njia gani, ukiona HW chipu inafanya kazi yake, ukiona SW prosesa inajitutumua peke yake. Pi 3 haina chipu ya kufungua HEVC, njia mpya ya kubana video, kwa hiyo hizo muvi mpya zilizobanwa kwa HEVC zitaisumbua. Pi 4 inayo, inafika mpaka 4K. Pi 5 inayo ya HEVC ila ya H.264, ile njia ya zamani ya kubana, wameiondoa, prosesa yake ina nguvu inabeba yenyewe. AV1, njia nyingine mpya zaidi, haina chipu kwenye Pi yoyote kati ya hizo. Kabla hujalaumu angalia faili ni la aina gani.

Joto na chumvi ni mambo yetu watu wa pwani. `vcgencmd measure_temp` inakupa nyuzi, Pi 4 ikifika 80 inaanza kujipunguza spidi, na miezi ile ya Desemba mpaka Machi, kidude kimefungiwa kwenye kabati nyuma ya king'amuzi, 80 unaifikia hata bila muvi nzito. Mimi napenda yale makava ya alumini yanayogusa chipu moja kwa moja, hayana feni ya kuvuta hewa yenye chumvi. Nyumba za Raskazone na Sahare, karibu na maji, nimekuta pini za HDMI zimeota ukungu wa kijani, picha inapepesuka ukiugusa waya. Zima, chomoa, safisha kwa spiriti na brashi laini, acha ikauke.

Kisa kingine kinachowachanganya watu ni saa. Pi 4 na za nyuma yake hazina saa yenye betri, Pi 5 inayo lakini betri unanunua mwenyewe. Ikizimwa, saa inasimama, ikiwaka inaendelea na tarehe ya zamani mpaka ipate intaneti ikaulize. Sasa nyumba nyingi intaneti ni hotspoti ya simu ya baba, umeme umerudi saa mbili usiku, Pi imewaka, simu iko mfukoni mwa baba na baba yuko baraza la kahawa. Kila kitu cha mtandaoni kinakataa, kwa sababu vyeti vya usalama vya tovuti vina tarehe zake na Pi inaamini bado ni wiki iliyopita. Mtu anaona maandishi ya kosa anafuta adoni zote. Washa hotspoti, subiri saa ijirekebishe, fungua tena. Kwenye setingi za LibreELEC kuna sehemu ya kuiambia isubiri mtandao kabla ya kufungua Kodi, iwashe.

Na wayafai ikikatika kila ukichomeka diski la USB 3, lile diski na waya wake vinatoa kelele kwenye masafa ya 2.4 GHz, jambo hilo linajulikana tangu zamani. Lisogeze diski mbali kwa waya wa kuongezea au hamia 5 GHz kama ruta iko chumba kimoja, ukuta mnene 5 GHz haipiti vizuri.

Diski likionekana lakini haliandikiki, au halionekani kabisa, uliza lilitoka wapi mara ya mwisho. Likichomolewa kwenye laptopu ya Windows bila kuagwa, NTFS, ule mpangilio wa mafaili wa Windows, inabaki na alama kwamba haikufungwa vizuri, lirudishe kwenye Windows ukalipige chkdsk, amri ya kukagua na kurekebisha diski, litoe kwa utaratibu. Muvi haitaki kukopiwa na inazidi GB 4, hilo ni diski la FAT32, mpangilio wa zamani usiobeba faili kubwa hivyo, fomati kwa exFAT baada ya kuhamisha vitu vyako.

Sauti haipo lakini picha ipo, ingia setingi za Kodi upande wa odio, zima passthrough (kuipelekea TV sauti bila kuifungua), weka chaneli 2.0. TV nyingi hazifungui DTS, aina ya sauti iliyobanwa, zenyewe, unazipelekea kitu zisichokijua.

Ukinitafuta, nitumie picha ya lebo ya chaja yako, jibu la `get_throttled` muvi ikiwa inacheza, na lile faili la `/storage/.kodi/temp/kodi.log`. Ukija mwenyewe, njoo na kila kitu kinachochomekwa, waya ule ule unaoutumia nyumbani, usiniletee Pi peke yake kwenye bahasha.