Bomba kuoza sio uzee tu, bakteria nao wanakula chuma

Maji yakitoka mekundu asubuhi utasikia "bomba limezeeka hilo". Ni nusu ya ukweli. Ndani ya bomba la chuma kuna utelezi umeganda ukutani na humo wanaishi bakteria wanaoharakisha kutu. Kata kipande cha bomba la GI (chuma kilichopakwa zinki) la zamani uone, kuna vinundu vya rangi ya machungwa, ukikivunja kimoja mara nyingi ndani ni cheusi kinanuka yai viza na chini yake chuma kimechimbika. Weusi ule unatokana na bakteria wasiotaka oksijeni, wanageuza salfeti ya kwenye maji kuwa gesi ya haidrojeni salfaidi, ikikutana na chuma ndo inakuwa hivyo. Na sio habari mpya, Waholanzi von Wolzogen Kühr na van der Vlugt walishaieleza tangu 1934.

Wengine wanasema si kuna klorini bwana, bakteria gani atapona? Wanapona wengi tu. Klorini haipenyi vizuri kwenye ule utelezi, halafu kutu yenyewe inaimaliza njiani, wakati WHO wanataka ikufikie kwenye koki angalau miligramu 0.2 kwa lita. Angalia mji wa Flint kule Michigan, Marekani, 2014 walihamia maji ya mto bila kuweka dawa ya kuzuia kutu, dunia ikaongelea madini ya risasi yaliyotoka kwenye mabomba (na ni haki kabisa, watoto waliumia) lakini klorini nayo ilishuka kwenye mabomba, na kati ya 2014 na 2015 watu kama 90 eneo lile waliugua homa ya mapafu ya bakteria aitwaye Legionella, 12 wakafa. Huyu bakteria huwa hakupati kwa kunywa sana sana, unamvuta kwenye matone madogo, mfano ukioga shawa.

Maji meupe ni salama? Hapana! Chuma kinachotia wekundu kwa kiasi kile sio sumu, kinaharibu ladha na nguo nyeupe, ila risasi haina rangi wala harufu. Na kuchemsha kunaua bakteria tu, risasi inabaki palepale, tena maji yakipungua kwa mvuke inazidi kukolea.

Bomba la plastiki halishiki kutu kweli, ila utelezi unaota humo pia. Kwa hiyo maji yakilala bombani usiku kucha yaache kwanza yatiririke, ya kwanza deki nayo, ya kunywa kinga baadaye.