Kasi ya Damu Shingoni Si Wingi wa Damu

Wiki iliyopita mgonjwa mwingine alinionyesha majibu yake ya Dopla, kipimo cha mawimbi ya sauti kinachoonyesha kasi ya damu mshipani, akaweka kidole kwenye tarakimu 280 na kusema kwa furaha kwamba damu yake inakimbia vizuri kwenda ubongoni. Kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno, hata kwa wahudumu wa afya, na uvumilivu umeniishia. Sentimita 280 kwa sekunde katika karotidi ya ndani, ateri ya shingoni inayopeleka damu ubongoni, si sifa ya mshipa. Ni dalili kwamba njia imekuwa finyu mno. Kwa vigezo tunavyotumia wengi wetu, vilivyochapishwa Marekani mwaka 2003, ufinyu wa asilimia 50 huanza kushukiwa kasi inapofika 125, na ule wa asilimia 70 inapovuka 230.

Sababu yake haina utata. Kipenyo kikipungua nusu, eneo la kupitia hubaki robo, na ili damu ileile ipite kwa muda uleule haina budi kwenda kasi mara nne. Ukiwa umeshika probu, kile kifaa kinachowekwa shingoni, unalisikia jambo hilo kabla ya kulisoma: mvumo laini wa karotidi ya kawaida hugeuka mluzi mkali, na mbele kidogo ya ufinyu rangi za kwenye skrini huvurugika kwa sababu damu inayochomoka kwa nguvu hujizungusha.

Wengi huishia hapo, ilhali hatari inaanzia hapo. Mfano wa mpira wa maji uliobanwa kwa kidole, ambao hata sisi huutumia kuwaelezea wagonjwa, ni sahihi hadi kiasi fulani tu. Ukizidi kubana, maji hayaendelei kuruka mbali zaidi, bali hugeuka matone. Watafiti Spencer na Reid walionyesha jambo hilo kwa mchoro mwaka 1979: kasi hupanda kadiri ateri inavyozidi kuwa finyu, hufika kilele, kisha huporomoka mshipa unapokaribia kuziba kabisa. Kwa hiyo tarakimu 90 inaweza kuwa ya mshipa mzima, na inaweza kuwa ya mshipa uliobakiwa na uwazi wa kupita uzi. Anayesoma namba pekee bila kutazama picha atawaambia wagonjwa wote wawili neno moja. Tena, karotidi ya upande mmoja ikiziba kabisa, ya pili huweza kubeba mzigo wake na kasi ikapanda kuliko inavyolingana na ufinyu uliomo, ilhali vali ya aota (mlango wa damu inapotoka moyoni) iliyosinyaa huweza kushusha kasi pande zote mbili.

Namba yenyewe pia si imara kama karatasi inavyoionyesha. Mashine hukokotoa kasi kwa pembe ninayoiweka mimi kwa mkono, na mshipa unaopinda haunipi pembe iliyo dhahiri. Pembe halisi ikiwa nyuzi 60 nami nikaiweka 65, kasi ya 110 itasomeka 130, na mtu atakuwa amevuka mpaka wa 125 kwa kosa la mkono wangu. Nimewahi kurudia kipimo changu mwenyewe baada ya nusu saa nikapata namba nyingine.

Kuhusu kiharusi nitasema kwa ufupi. Mara nyingi karotidi hukisababisha kwa kipande cha utando wa mafuta, au damu iliyoganda juu yake, kinachomeguka na kupanda ubongoni au jichoni, wala si kwa damu kupungua tu. Ndiyo maana dawa za kolesteroli, dawa za kuzuia damu kuganda, udhibiti wa shinikizo na kuacha sigara vina kazi hata kwa mtu asiyehitaji kupasuliwa.

Yule mgonjwa wa 280 nilimuuliza kama jicho la upande huohuo limewahi kuingia giza. Akajibu kwamba siku nne kabla, lilifunikwa kwa dakika chache kama pazia linaloshushwa, kisha likafunguka, naye hakumwambia mtu kwa kuwa majibu aliyokuwa nayo tayari yalionyesha damu inakwenda kasi. Upasuaji wa kusafisha karotidi humfaa zaidi mtu wa hali yake ukifanywa ndani ya siku 14 tangu dalili hiyo, na siku 4 zilikuwa zimeshapotea. Nilimkabidhi kwa daktari wa upasuaji wa mishipa kabla hajatoka jengoni.