Taratibu za Loji ya Frimasoni: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana iliyoenea zaidi, hasa Tanzania, ambako matapeli hutumia jina la Frimasoni, chama cha kindugu kinachofundisha maadili kwa mifano ya kazi ya waashi, kuwaahidi watu utajiri wa ghafla, ni kwamba anayejiunga hutoa kafara ya ndugu yake ili apate mali.

Ukweli ni kwamba katika loji, yaani matawi ya chama, zinazofuata utaratibu wa Kiingereza, mtu hupokewa daraja la kwanza la uanachama akiwa mikono mitupu. Kabla ya kuingia ukumbini huvuliwa fedha na vitu vyote vya chuma, hufungwa kitambaa machoni na kuvishwa kamba shingoni. Baadaye husimamishwa upande wa kaskazini-mashariki, mahali ambapo kwa desturi ya waashi huwekwa jiwe la msingi, kisha huombwa sadaka mbele ya wote. Hana cha kutoa. Hapo huelezwa kwamba siku atakapokutana na mwenye dhiki, aikumbuke saa hiyo aliyopokewa akiwa hana kitu, na amsaidie. Kwangu mimi hiki ndicho kiini cha taratibu zote za loji: fundisho la maadili halisomwi tu, bali mhusika hulipitia kwa mwili wake, kama wali wanavyofundwa jandoni kwa nyimbo na vitendo. Vivyo hivyo hukabidhiwa zana za mwashi na kuelezwa maana zake: kipimo cha inchi 24 ni saa za siku, zinazopaswa kugawanywa kati ya sala, kazi na mapumziko, na kumsaidia mwenzake mwenye shida, nyundo ni nguvu ya dhamiri, patasi ni faida ya elimu.

Wengine husema kwamba mafuvu yaliyochorwa lojini ni dalili ya kuabudu mauti. Michoro hiyo ni ya daraja la tatu, ambapo huigizwa kisa cha Hiramu, msanifu wa Hekalu la Sulemani, aliyeuawa kwa kukataa kutoa siri aliyokabidhiwa. Biblia inamtaja Hiramu fundi wa shaba, lakini kisa cha kuuawa kwake hakimo humo. Ni hadithi ya waashi wenyewe, inayofundisha uaminifu na kumkumbusha mtu kwamba atakufa.

Kuhusu usiri, taratibu za loji zilitoka hadharani zamani: Samuel Prichard, aliyewahi kuwa mwanachama, alizichapisha London mwaka 1730. Kinachofichwa hasa ni ishara, maneno na namna ya kupeana mikono ili kutambuana.

Madai kwamba mwanachama huapa kukatwa koo akitoa siri hayakuwa uzushi mtupu. Maneno hayo yalikuwamo katika viapo, yakihesabiwa kuwa ya mfano tu, na waliotishwa nayo walikuwa na sababu. Mwaka 1986 Loji Kuu ya Muungano ya Uingereza, inayosimamia loji za huko, iliyaondoa. Adhabu anazoweza kupewa mwanachama ni kuonywa, kusimamishwa au kufukuzwa.

Je, ni dini? Loji za mkondo wa Kiingereza humtaka mwanachama amwamini Mungu, huweka wazi kitabu kitakatifu na kusali, lakini hazina sakramenti wala hazimwahidi mtu wokovu, na mijadala ya dini na siasa imekatazwa ndani yake. Kanisa Katoliki halikuridhika na maelezo hayo: lilipiga marufuku uanachama mwaka 1738, na mwaka 1983 likatamka tena kwamba mafundisho ya Frimasoni hayapatani na ya Kanisa.